Kinanda kile mmekifungia nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua watu huandika humu kuhusu barabara, maji na bei ya dagaa, na mimi mwenyewe mwaka juzi niliandika kuhusu taka za pale Mwaloni. Barua ile mliikata ikabaki mistari minne, sikununa. Safari hii naandika kuhusu piano. Tafadhali usiitupe kabla hujafika katikati, maana lalamiko lenyewe liko mbele.

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi hapa Kirumba, mwaka wa 27 sasa, na mingi ya miaka hiyo nimeimaliza nikiwa nimeinamia Yamaha ya farasi 15. Shule niliishia kidato cha nne. Muziki wangu ni wa kwaya: naimba sauti ya nne, solfa, yaani do, re, mi, naisoma bila shida, nota za mistari nababaisha. Sikio langu la kulia halisikii vizuri, mashine zimelila.

Mwezi uliopita mlichapisha barua ya msomaji mmoja wa Igoma aliyesema kozi za bure za mtandaoni ni kuchoma bando. Kwamba mtu anajiunga kwa mbwembwe, anatazama video mbili, analala. Kuhusu kulala sibishi. Mimi somo la kwanza nililala mara nne, na mara moja simu iliniangukia usoni. Lakini nilimaliza, na kilichonipata baada ya kumaliza ndicho kimenifanya nishike kalamu.

Ilianza hivi. Nililetewa nyumbani kinanda cha kwaya nikitengeneze, tundu la waya wa umeme lilikuwa limelegea. Nikaunga, nikawa najaribu huku na kule. Binti yangu wa pili, aliyekuwa likizo kutoka chuo, akasema, "Baba, si usome kozi? Kuna ya bure ya piano." Kumbe haikuwa ya kupiga, ilikuwa ya kusikiliza: sonata za piano za Beethoven, mtunzi Mjerumani wa zamani. Mwalimu ni mpiga piano wa Marekani, Jonathan Biss, na kozi ilitolewa na Curtis Institute of Music ya Philadelphia kupitia Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, kuanzia mwaka 2013. Chuo hicho chenyewe hakitozi wanafunzi wake ada tangu 1928, kwa hiyo habari ya bure kwao si ngeni. Nilipojiunga mimi kusikiliza kulikuwa bure, cheti ndicho kilikuwa cha kulipia. Cheti sikukitaka. Ningekitundika wapi, juu ya pipa la oili?

Bure yenyewe, hata hivyo, ina gharama zake, na hapo msomaji wa Igoma ana haki yake. Nilikuwa nanunua kifurushi cha shilingi 3,000 kila wiki, na video naiweka kwenye ubora wa chini kabisa, hadi uso wa mwalimu unakuwa kama umeonekana kupitia chupa ya mafuta ya taa. Sauti ilikuwa safi, hilo ndilo nililolitaka. Kiingereza chake ni cha haraka. Mwanzoni binti alikaa pembeni akinitafsiria. Alipoondoka nikawa nasimamisha, nasoma maandishi ya chini, naandika neno kwenye daftari la kazi kati ya "plagi 2" na "ringi za pistoni, anadaiwa". Somo la dakika 20 lilinichukua saa moja na nusu.

Neno lenyewe kwanza. Sonata ni Kitaliano, linatokana na kulia kwa ala, kupigwa. Mwenzake ni kantata, kinachoimbwa. Sisi watu wa kwaya tumezoea muziki wenye maneno. Ukitaka kujua wimbo unahusu nini, unasoma mashairi. Hapa hakuna shairi, hakuna pambio, hakuna mahali pa kusema "wote." Wiki ya kwanza nilisikia vidole vikikimbia tu.

Kilichonifungua ni sonata ya kwanza kabisa, Opus 2 namba 1 (opus ni namba wanayoipa kazi ya mtunzi), iliyochapishwa mwaka 1796. Beethoven alikuwa kijana kutoka Bonn aliyehamia Vienna kusoma kwa Haydn, mtunzi mwenye jina wa wakati huo, na sonata tatu za Opus 2 alimtunukia mwalimu wake huyo. Ile ya kwanza iko kwenye ufunguo wa F, upande wa huzuni, ule wanaouita maina. Nilisimamisha video, nikarudisha nyuma, nikaimba kwa solfa kama tunavyofanya mazoezini siku ya Jumatano: mi, la, do, mi, la, do. Inapanda ngazi, inafika juu, inajizungusha kidogo, inasimama. Basi! Sauti sita ambazo hata mtoto wa Utoto Mtakatifu anaziweza. Kisha wimbo wa pili unakuja, na wenyewe unashuka ngazi. Mmoja juu, mwingine chini. Nikamwita mke wangu aje asikie. Alikuwa anachambua dagaa, akasema anasikia hukohuko aliko.

Nilimweleza jinsi sehemu ya kwanza ya sonata inavyokwenda mara nyingi. Unatambulishwa wimbo wa kwanza, uko kwenye ufunguo wa nyumbani. Unatambulishwa wa pili, huo uko ufunguo wa jirani. Katikati mtunzi anafumua zote mbili, vipande vinatapakaa mezani (hapo sikuhitaji mkalimani, ndiyo kazi yangu). Halafu anaziunga upya, ila sasa wimbo wa pili nao unapigwa kwenye ufunguo wa nyumbani. "Ni kama bibi harusi," nikasema, "ametoka kwao amehamia kwa mumewe." Mke wangu akatoa jiwe kwenye dagaa, akalitupa. "Na kwa nini yule wa kwanza asihamie ukweni?" Nilirudi kwenye video kutafuta jibu. Mpaka leo sijalipata.

Ninachoweza kusema kama fundi ni kwamba huyu mtu alipounga hakubakiza bolti mkononi. Kila fundi anajua aibu ya kufunga mashine, ikawaka, halafu ukaona bolti moja imelala kwenye turubai. Kwa Beethoven kila kipande alichokitoa mwanzo utakikuta kimerudishwa mahali, hata kama kimepakwa rangi nyingine.

Jambo jingine lililonifurahisha ni hesabu ya funguo. Kinanda chetu cha kwaya ni kile cha funguo 61, oktava tano, na kila mara mtu anayekiona husema ni kifupi, cha kujifunzia. Piano alizotumia Beethoven kwa sonata zake za mwanzo zilikuwa nazo oktava tano, funguo 61, tofauti chake kilianzia F na chetu kinaanzia C. Mwaka 1803 alipata piano ya kampuni ya Erard kutoka Paris yenye funguo 68. Baadaye, mwaka 1817, kampuni ya Broadwood ya London ikamtumia nyingine kama zawadi, ikasafiri kwa meli hadi Trieste, halafu kwa mkokoteni kuvuka milima hadi Vienna. Piano za leo zina 88. Kwa hiyo atakayekicheka tena kinanda chetu nitakuwa na la kumjibu, ingawa ukweli ni kwamba kinapungukiwa na kitu kimoja, nacho nakuja kukieleza.

Sasa mbalamwezi. Sonata moja wapo, Opus 27 namba 2, dunia nzima inaiita sonata ya mbalamwezi. Beethoven hakuiita hivyo, yeye aliandika tu kwamba ni sonata yenye mwendo wa kujitungia papo hapo. Jina lilitokana na mwandishi mmoja Mjerumani, Ludwig Rellstab, aliyeifananisha sehemu ya kwanza na mwanga wa mwezi juu ya ziwa Lucerne, huko Uswisi, na likashika Beethoven akiwa tayari kaburini; alifariki mwaka 1827. Sijui ziwa la Lucerne lina dagaa au halina. Ninachojua ni kwamba ziwani kwetu mbalamwezi si wakati wa kukaa kuguswa moyo. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukikomaa, maji yote yana mwanga, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa yako, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na mashine zote mbovu za Kirumba zinaletwa kwangu siku moja. Mbalamwezi kwangu ni kelele, petroli, na watu kumi wanaosema "fundi, yangu ni ndogo tu hiyo." Kozi niliisoma kwenye giza.

Lakini sehemu ile ya kwanza ni nzuri, jina lisikusumbue. Mkono wa kushoto unakaa chini, mzito, haukimbii. Mkono wa kulia unahesabu tatu tatu, taratibu, bila kuchoka, kama maji yanayogonga ubavu wa mtumbwi uliofungwa. Nikajaribu kuimba zile tatu kwa solfa. Mi, la, do. Mi, la, do. Nilidhani nimekosea, nikarudisha. Mi, la, do, mi, la, do. Ni zilezile za sonata ya kwanza! Ufunguo ni mwingine, mwendo ni mwingine, imepita kama miaka mitano, lakini zile hatua ambazo mwaka 1796 zilipanda ngazi mbio, mwaka 1801 zimekaa chini zinapumua. Na ukingoja hadi sehemu ya tatu, zinaamka tena, mi-la-do zinapanda kwa kasi kama petroli iliyoshika moto. Mwalimu hakulisema hili katika masomo niliyoyasikia mimi, huenda aliona ni dogo mno. Mimi nililipata peke yangu saa nane usiku kwa solfa ya kwaya, na sitalisahau.

Mwaka huohuo wa 1801, Beethoven akiwa na miaka 30, alimwandikia rafiki yake daktari, Wegeler, akamweleza kwamba masikio yanamlia usiku na mchana, kwamba akiwa mbali sauti za juu za ala na za waimbaji hazimfikii, na kwamba anakwepa mikusanyiko kwa sababu hawezi kuwaambia watu kuwa ni kiziwi. Hapo nilisimamisha video, lakini si kwa sababu ya Kiingereza. Mhariri, mimi nina miaka mitatu sauti ya kwanza siisikii vizuri nikiwa nimesimama mahali pangu. Naangalia mdomo wa mama aliye mbele ndipo najua tumeingia. Mwalimu wa kwaya hajui. Sasa atajua, kama anasoma gazeti hili.

Nyingine nazipitia haraka, ukurasa wako hautoshi. Ile ndefu ya mwaka 1818 ilinishinda, nasema wazi. Ya mwisho, ya 32, aliyoimaliza mwaka 1822 akiwa hasikii karibu kabisa, ina sehemu mbili tu, na katikati ya ile ya pili kuna mahali piano inaanza kurukaruka kama bendi ya dansi saa saba usiku. Nilimpigia binti simu kumwuliza kama nimefungua video nyingine kwa bahati mbaya. Akasema hapana baba, ndiyo hiyo.

Nakuja kwenye lalamiko.

Juu ya sehemu ya kwanza ya ile inayoitwa ya mbalamwezi, Beethoven ameandika agizo kwamba ipigwe yote kwa wepesi mkubwa na bila vizimio. Ndani ya piano kila uzi, isipokuwa zile za juu kabisa, una kipande cha sufu iliyoshindiliwa kinachoukalia, ukiachia ufunguo kinaunyamazisha. Ukikanyaga pedali ya kulia, vipande vyote vinainuka kwa pamoja, nyuzi zote zinabaki wazi. Mtunzi alitaka zibaki wazi hivyo. Kinanda chetu hakina nyuzi, na pedali ya kuchomeka haijawahi kununuliwa, kila mwaka inaingia kwenye bajeti ya kwaya na kila mwaka inatolewa kupisha sare. Ukipiga mi-la-do, kila sauti inakatika kama imekatwa na mkasi. Nikaanza kutafuta piano ya kweli. Nilitaka kusikia dakika moja tu.

Ipo piano hapa mjini, kwenye ukumbi wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Niliiona nilipoitwa kutengeneza jenereta. Ni ile ya kusimama, ya mbao nyeusi, imefunikwa kitambaa cha zambarau, juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki na viti vinne vimepandana. Nilipomaliza jenereta nikamfuata mlinzi, mzee wa makamo ya kaka yangu mkubwa. "Mwadila, mzee," nikamwambia, "kile kinanda kinafunguka?" Akatazama rundo lake la funguo kama mtu anayetafuta jina la mjukuu wa mbali. Upo mmoja mdogo, wa kabati, hajawahi kuutumia tangu aajiriwe. Ukaingia.

Tuliteremsha viti. Funguo 88 zote zipo, za pembeni zimekuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku. Unyevu wa ziwa umeingia kwenye mbao, tano zilikuwa zimezama haziinuki, na kama bahati mbaya ilivyo, moja wapo ilikuwa ile E ninayoihitaji, do yangu. Nikawa kila nikiipiga naiinua kwa ukucha. Pedali ilipiga kelele kama mlango wa stoo. Nikakanyaga hadi chini. Nikapiga ile nzito ya kushoto, halafu mi, la, do, nainua kwa ukucha, mi, la, do.

Mhariri, sauti haikuondoka. Ya kwanza ilikuwa bado ipo ya tatu ilipofika, zikachanganyika, na nyuma yake kukawa na sauti nyingine ambazo sikuzipiga mimi, nyuzi za jirani zinaitikia. Piano ilikuwa haijapatanishwa miaka mingi, baadhi ya nyuzi zilikuwa zinagombana waziwazi, wala sikujali. Mlinzi akakohoa, na kinanda kikakohoa pia, polepole, toka ndani. Aliruka. Nikamweleza kwamba nyuzi zikiwa wazi, kila sauti iliyomo ukumbini inaamsha uzi unaofanana nayo. Akainama akaita "Ee!" Kikamjibu.

Halafu nikafanya jambo ambalo mafundi wenzangu watalielewa. Mashine ikiwa na hitilafu ndani, nachukua bisibisi ndefu, ncha naiweka kwenye mwili wa injini, mpini naubana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Unasikia beringi inayokufa kama iko kichwani mwako. Kwa sikio la kulia siku hizi hiyo ndiyo njia pekee. Nikamwonyesha mzee pa kukanyaga na ufunguo wa kubonyeza, mmoja tu, ule wa chini, nami nikaegemeza bisibisi kwenye ubavu wa piano. Akabonyeza. Sikio langu la kulia lilisikia mwanzo hadi mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa mbali sana. Nilipofungua macho mzee alikuwa ameshabonyeza mwingine bila kuambiwa.

Zilikuwa dakika kama ishirini. Kisha akatokea kijana wa ofisini, nadhifu, mwenye adabu, wala sina ugomvi naye. Akasema, "Mzee wangu, hicho si cha kuchezea." Nikajieleza: kozi, Beethoven, pedali. Akatabasamu. "Fundi wa boti na piano wapi na wapi?" Akafunga, ufunguo akautoa kwenye rundo la mlinzi akautia mfukoni mwake. Viti vikarudi juu.

Kwa taarifa yake, boti na piano ni hapa na hapa. Aitazame nembo ya Yamaha kwenye kofia ya mashine yoyote pale Mwaloni. Mimi nimeifuta grisi miaka 27 nikidhani ni ua au pangaboi. Zile ni uma tatu za kupatanishia sauti, zimepishana, kile chuma chenye meno mawili ambacho mwalimu wa muziki hukigonga apate la. Torakusu Yamaha alikuwa fundi. Mwaka 1887 aliitwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule moja huko Hamamatsu, Japani, akakitengeneza, kisha akaunda cha kwake. Pikipiki na mashine za boti zilikuja miongo mingi baadaye.

Ombi langu ni dogo. Nasikia piano za namna hii ziko kadhaa hapa Mwanza, kwenye kumbi, shule na nyumba za zamani, zimefunikwa vitambaa. Anayeifungia anadhani anaitunza. Wavuvi wote wanajua mashine ukiiacha miezi mitatu bila kuiwasha inakuwaje: mafuta yanaganda kwenye kabureta, pistoni inashika kutu, na siku ya kuiwasha unalipa mara mbili. Piano ni hivyohivyo. Mbao zinavimba, nyuzi zinashika kutu, panya wanaona ile sufu ya ndani ni godoro. Funguo 88 zinakufa kwa sababu ya ufunguo mmoja.

Fungueni siku moja kwa wiki, tuseme Jumamosi saa nane hadi saa kumi. Mlinzi yupo hata hivyo. Wekeni daftari la kusaini, mtu mmoja mmoja, mikono iwe safi, na ikibidi tulipe shilingi elfu moja ya chai ya mlinzi. Watakaokuja hawatakuwa wengi. Watakuja wapiga vinanda wa kwaya ambao hawajawahi kukanyaga pedali, na mwanafunzi mmoja au wawili wanaojifunza kwa simu, na mimi. Mwenye waifai akitufungulia ukumbi huohuo tukasikiliza masomo pamoja kwa spika moja, atakuwa ametuokolea bando, na msomaji wa Igoma nitamwalika mimi mwenyewe.

Kupatanisha nyuzi siwezi, hiyo ni kazi ya mwenye ujuzi wake na nisiahidi nisichokijua. Pedali inayolia naiweza. Bawaba naziweza. Funguo zilizovimba nadhani naziweza, mbao ni mbao, nikielekezwa na mtu anayejua nikwangue wapi. Sitaki malipo. Jina na namba yangu ya simu unavyo, Mhariri. Jina usilichapishe, wateja wangu watanitania hadi uzeeni, lakini wa taasisi yoyote akikuuliza mpe namba.

Jumamosi yoyote ya giza nipo. Mbalamwezi msinitafute, mashine zinakuwa zimepanga foleni hadi barabarani.

Fundi wa mashine,
Kirumba, Mwanza